Jua la Kuazima

Fungua SketchUp, programu ambayo wengi wetu tunaojifunza kuunda modeli za majengo tunaanzia. Chora mstatili chini, uvute juu kwa kipanya, na tayari una nyumba. Sasa washa vivuli. Kivuli cha kijumba chako kitalala ardhini, na kwa mara ya kwanza hilo boksi litaonekana kama mahali ambapo mtu anaweza kuishi. Ila hilo jua si letu. Usipoiambia programu uko wapi duniani, inachukulia kwamba uko Boulder, mji wa Marekani katika jimbo la Colorado, ambako ilibuniwa. Hata saa yake ni ya huko, saa kumi nyuma ya saa ya Nairobi.

Unaweza kusema, si ni jua tu? Jua ni moja, la Boulder na la Embakasi. Ni kweli, ila halipiti njia moja. Boulder iko digrii 40 kaskazini mwa ikweta, na adhuhuri jua lake huwa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Hapa jua la adhuhuri linahama: Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini, na katikati ya miezi hiyo linapita juu ya utosi. Kwa hivyo dirisha linalotazama kusini, ambalo kwa jua la Boulder lingeng'aa kila adhuhuri, hapa kwetu linakosa jua hilo karibu nusu ya mwaka. Ukiuza nyumba ya Nairobi kwa jua la Boulder, umeivisha nguo ya mtu mwingine. Na wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jambo la jua ni dogo, unalirekebisha kwa kubofya mara chache. Ninalitaja kwa sababu limenifungulia swali kubwa zaidi ambalo limenikalia kichwani tangu nianze kujifunza kazi hii: je, picha ya nyumba ambayo haijajengwa inaweza kuwa uongo? Uongo, tulivyofunzwa tukiwa wadogo, ni kusema kilichopo hakipo, au kisichopo kipo. Sasa nyumba yenyewe haipo. Huna cha kulinganisha na picha. Utadanganyaje kuhusu kitu ambacho hakijazaliwa?

Swali hili si la darasani. Jijini mwetu watu wananunua nyumba zikiwa bado ni shimo na mabati. Wanaona picha kwenye bango barabarani au kwenye simu, wanalipa amana, wanaendelea kulipa kidogo kidogo, wakingoja miaka miwili, mitatu. Wengine hata hawako nchini. Binamu yangu ni mlinzi Doha, na kila akinipigia, baada ya salamu na habari za shosho, ananitumia picha ya nyumba fulani ambayo ameiona mtandaoni. "Kaka, hii unaionaje?" Haoni udongo, haoni barabara, haoni majengo ya kando. Anaona picha. Na picha hizo hazidondoki kutoka mbinguni. Zinaundwa na watu kama mimi, usiku, kwenye laptopu za mitumba, tukiomba stima isipotee kabla kompyuta haijamaliza.

Zoezi langu la kwanza la maana lilikuwa chumba changu mwenyewe huko Pipeline. Ni kumi kwa kumi, kile chumba ambacho kila mpangaji wa Nairobi anakijua bila kupimiwa. Niliazima tepu ya fundi mmoja wa ploti yetu, nikapima ukuta kwa ukuta, dirisha, mlango, kimo cha dari. Futi kumi ni kama mita tatu na sentimita tano. Kitanda changu ni futi nne kwa sita. Piga hesabu: futi za mraba 24 kati ya 100. Karibu robo ya keja ni kitanda. Nimelala humo miaka miwili na sikuwahi kulijua hilo mpaka nilipolazimika kuiandikia kompyuta nambari.

Halafu nikataka kukipiga picha ndani ya kompyuta, na hapo nikakutana na ujanja wa kwanza wa kazi hii. Ukisimamisha kamera ndani ya chumba cha kumi kwa kumi, unaona kona moja na nusu ya kitanda. Kwa hivyo walimu wetu wa YouTube, vijana wa India na Brazil ambao wamenifunza mengi bila kunidai hata shilingi, wanakuonyesha namna ya kuficha ukuta mmoja, kurudisha kamera nyuma mpaka nje, kisha kupanua pembe ya lenzi. Ghafla chumba kinakuwa ukumbi. Kilikuwa chumba changu, kila kipimo sahihi mpaka milimita, na bado hakikuwa chumba changu. Nilipotafuta kamera imesimama wapi, niliikuta ndani ya chumba cha jirani yangu, mama wa watoto wawili, pale anapoweka jiko lake la gesi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vipimo vyote vinaweza kuwa vya kweli na picha bado ikapotosha. Kuna jicho ndani ya picha hiyo, na jicho hilo ni la mtu ambaye hawezi kuwepo, kwa sababu angelazimika kusimama ndani ya mawe.

Jambo lingine unalojifunza mapema ni kwamba programu haikatai kitu. Fundi wa mjengo ukimwambia aondoe nguzo, atakuuliza, "Sasa mkubwa, slabu itashikwa na nini?" Programu haiulizi. Ukuta unaanza ukiwa hauna unene hata wa karatasi, mpaka ukumbuke mwenyewe kwamba jiwe la Ndarugo lina upana wake. Nyumba inaweza kuelea hewani na hakuna atakayeshtuka. Nyasi hazitaki maji, miti haihitaji miaka ya kukua. Maktaba za modeli za bure zimejaa watu waliovaa makoti ya baridi kali na miti ambayo sijawahi kuiona ikimea Kiambu. Kifaa kinachosema ndiyo kwa kila kitu kinakuachia wewe kazi yote ya kusema hapana.

Basi turudi kwa swali. Kwa maoni yangu, picha ya nyumba isiyokuwepo inaweza kuwa kimojawapo kati ya vitu vitatu: ndoto, ahadi au uongo. Na tofauti yake haiko kwenye picha yenyewe. Picha ile ile inaweza kuwa vyote vitatu kwa siku tofauti.

Ndoto ni rahisi. Nikichora mnara wa vioo ukichomoza katikati ya Msitu wa Karura, nikauweka kwenye ukurasa wangu nihesabu watu wangapi wameupenda, sijamdanganya mtu. Hakuna anayelipa, hakuna anayehama. Tunahitaji ndoto hizo. Kijana akikatazwa kuota majengo, atabaki kuchora mabweni ya kupanga tu.

Ahadi inaanza pale mtu anaposema: nitajenga hii, nipe pesa. Ahadi ni deni, sote tunajua, lakini deni linaweza kushindwa kulipwa bila mdaiwa kuwa mwongo. Mambo hubadilika. Tazama KICC. Msanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway, akifanya kazi pamoja na msanifu Mkenya David Mutiso, alianza na jengo lililokusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Mradi ukakua, ghorofa zikaongezwa, na jengo lililokamilika mwaka wa 1973, likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF mwaka huo huo, halikuwa lile lililofikiriwa mwanzoni. Hakuna anayesema michoro ya kwanza ilikuwa uongo. Ilikuwa mawazo ya watu ambao bado walikuwa wanafikiri. Picha kutofautiana na jengo si dhambi.

Uongo ni kitu kingine. Picha inakuwa uongo pale inapoficha kitu ambacho aliyeichora, au aliyemtuma, anakijua tayari. Mtu huyu hajashindwa kutabiri. Anajua, na anafuta.

Nilifika hapa kwa sababu ya kazi moja. Wakala mmoja wa nyumba aliniona kupitia rafiki, akataka picha sita za jengo ambalo wateja wake wangelinunua kabla halijajengwa. Shilingi 12,000. Kwa mtu anayeanza, hiyo ni kodi ya miezi miwili. Alinipa ramani za msanifu, nami nikaenda kuiona ploti, maana siku hizi siwezi kuchora bila kuiona ardhi. Upande wa mashariki, futi nane kutoka mahali ukuta wa jengo jipya ungesimama, kulikuwa na jengo la ghorofa saba, limekamilika, nguo zimeanikwa kila dirisha. Na vyumba vyote vya kulala kwenye ramani vilitazama mashariki.

Nikarudi nyumbani nikaunda modeli ya yote mawili, la kwao na la jirani. Nikaweka mahali ni Nairobi. Halafu nikasukuma saa ya kivuli polepole kutoka asubuhi hadi jioni, nikiangalia dirisha moja la ghorofa ya kwanza. Saa moja, kivuli. Saa tatu, kivuli. Saa tano, kivuli. Karibu na saa sita jua likapanda juu ya paa la jirani, likalamba dirisha kwa kama nusu saa hivi, tena likiwa limesimama wima kiasi kwamba halingefika hata ukingo wa kitanda. Baada ya hapo likavukia upande wa magharibi, na jengo lenyewe likajifunika. Nikabadilisha mwezi: Januari, Juni, Septemba. Hali ni ile ile. Mtu atakayelala pale atawasha taa asubuhi, atawasha taa mchana, na tokeni za stima atanunua yeye.

Wakala alikuwa ameomba, miongoni mwa picha sita, moja ya chumba cha kulala, jua la asubuhi likipiga kitanda, dirisha likitazama miti. Nikamwambia, "Mkubwa, picha zote nitakutolea, lakini jirani atakuwemo." Akacheka, wala si kwa ubaya. "Kijana wangu, nani ananunua jirani?"

Hatukuelewana. Siku chache baadaye niliziona picha kwenye status yake ya WhatsApp, zimefanywa na mtu mwingine, na zimefanywa vizuri sana. Jua limejaa chumbani. Pale ambapo lile jengo la ghorofa saba limesimama, pana anga na vilele vya miti.

Ninasimulia haya bila kujisifu. Nilipoteza shilingi 12,000 na sikumwokoa mnunuzi hata mmoja. Hilo ndilo linalofanya swali liwe gumu. Rafiki yangu, ambaye naye anachora na ana mtoto wa kulisha, aliniambia wazi: "Bro, kazi ingefanywa tu. Umebadilisha nini?" Ana haki ya kuuliza. Maadili hayalipi kodi. Na aliyechora zile picha, pengine landilodi alikuwa mlangoni. Siko hapa kumhukumu.

Lakini nimeifikiria hoja ya "kazi ingefanywa tu", na naona inathibitisha mambo mengi mno. Makanga anayepakia abiria wa ziada huisema: nisipowabeba mimi, gari la nyuma litawabeba. Anayeuza vyeti bandia huisema. Anayeweka mchanga mwingi na simiti kidogo huisema. Na kila mmoja wao anasema kweli kuhusu mikono ya wengine. Hoja hiyo haisemi lolote kuhusu mikono yake mwenyewe. Ingekuwa inatosha kutusafisha, basi hakuna mtu ambaye angekosea kamwe, mradi tu kuna mwingine nyuma yake kwenye foleni.

Kuna jambo jingine, na ndilo ninalolishikilia zaidi. Anayeunda modeli ndiye mtu wa kwanza kuingia ndani ya nyumba ile. Kabla ya fundi, kabla ya landilodi, kabla ya mpangaji, yeye amekwisha kusimama pale dirishani na kuona kinachoonekana. Mimi nilikiona kile kivuli mwezi kwa mwezi. Wakala hakukiona, yeye alikuwa na ramani tu. Mnunuzi hakukiona. Kwa wakati ule, duniani kote, pengine nilikuwa mtu pekee aliyejua ni dakika ngapi za jua zingeingia chumba kile. Hiyo inanifanya shahidi. Na shahidi, hata akiwa mgeni wa jana katika kazi, ana mzigo ambao mpita njia hana.

Je, shahidi ni lazima aseme kila kitu? Hapa ndipo mambo yanapokuwa na utata, na sitaki kuuficha. Tuseme ningechagua pembe. Ningesimamisha kamera barabarani, upande wa magharibi, ambako jirani haonekani kwa sababu jengo lenyewe linamziba. Sijafuta kitu. Mtu yeyote akisimama pale barabarani ataona hicho hicho. Je, huo ni uongo?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, ambaye anajulikana kwa ukali wake kuhusu uongo, aliwahi kuwapa wanafunzi wake mfano wa mtu anayefunga mizigo yake ili watu wadhani anasafiri. Hajasema neno lolote. Wakidhani hivyo, wamejidhania wenyewe, wala hawakuwa na haki ya kumdai awaeleze mipango yake. Kwa Kant, hapo hajasema uongo. Kuchagua pembe ya kamera ni kama kufunga mizigo: naonyesha cha kweli, wewe unahitimisha.

Ila angalia mfano huo unasimama juu ya nini. Unasimama juu ya watu ambao hawana haki ya kudai maelezo: majirani wambea, wapita njia. Anayelipa amana si mpita njia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na inalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na yenye heshima. Kwa hivyo pembe ile ile ya barabarani ni sawa kabisa nikiwa namwonyesha mtu sura ya jengo. Inakuwa mizigo ya hila pale inapokuwa picha pekee anayopewa mtu anayenunua chumba cha nyuma. Kwa picha ya chumbani, ile ya jua na miti, hatuhitaji hata Kant. Hapo hakuna pembe yoyote ambayo mwanadamu angesimama akaona vile, isipokuwa jirani abomolewe.

Kufuta jirani hakukuanza na kompyuta. Kwa miaka mingi Kibera, mahali wanapoishi maelfu kwa maelfu ya watu, ilikuwa pengo kwenye ramani nyingi za jiji, kana kwamba hakuna kitu. Mwaka wa 2009 vijana wa pale pale, kupitia mradi wa Map Kibera, walitembea na vifaa vya GPS wakajichora wenyewe kwenye OpenStreetMap: kliniki, maji, vyoo, shule, vichochoro. Ukilinganisha na hilo, picha za majengo yetu mapya zinarudi nyuma. Tazama bango lolote la mjengo mpya. Utaona barabara pana isiyo na matatu, mzungu na mbwa wake, baiskeli moja. Humwoni mama mboga aliye pale kila asubuhi, humwoni wa viatu, huoni boda boda wakingoja chini ya mti. Si kwamba mchoraji amesahau. Ameambiwa pasafishwe. Na mtu akishaona mara mia moja picha ya mtaa wake usio na mama mboga, siku askari wa kaunti watakapokuja kubomoa kibanda, ataona ni kama wanarekebisha tu ifanane na picha.

Kwa hivyo nimejiwekea desturi, na ninaiandika hapa ili na wewe unayejifunza uipime. Kabla ya kuchora jengo, nachora lililo kando yake. Hata kama ni maboksi meupe yasiyo na madirisha, yawepo. Blender ni ya bure, na ziko nyongeza zake zinazoweza kuvuta maumbo ya majengo kutoka OpenStreetMap, kazi ya siku nzima ikawa ya dakika chache. Tatizo ni kwamba majengo mengi humo hayana urefu. Inabidi uende mwenyewe, usimame barabarani, uhesabu ghorofa kwa kidole huku walinzi wakikutazama kwa shaka. Hakuna somo la YouTube lililonifunza kuhusu majengo kama kuhesabu huko. Unaona nani anaanika nguo wapi, maji machafu yanapita wapi, ni dirisha gani lina taa saa saba mchana.

Kisha naweka jua la hapa, mwezi na saa, na ninaziandika pembeni mwa picha: Nairobi, Juni, saa tatu asubuhi. Kamera naisimamisha mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kusimama bila kuvunja ukuta. Picha zangu zinatoka zikiwa na vyumba vidogo na vivuli vingi, na hakuna wakala aliyenipigia simu kwa ajili yake. Ila amenipigia msanifu mmoja kijana. Aliona zile nambari pembeni, akataka nimchoree kivuli cha jengo lake kabla halijamwagwa zege, ili ajue madirisha ayaweke upande gani. Pesa yake ilikuwa ndogo. Lakini dirisha lilihamishwa.

Hilo limenifunza kwamba modeli, kabla haijawa tangazo, ni chombo cha kuuliza. Tunaweza kujua leo chumba kitakuwa na giza, wakati bado kufuta mstari na kuuchora tena hakugharimu kitu. Babu zetu walijenga wakangoja mwaka mzima kuona jua linaingiaje. Sisi tunaweza kuusukuma mwaka mzima kwa kidole. Kuwa na uwezo huo, kisha ukautumia kumpa mtu jua ambalo hatalipata, ni matumizi mabaya ya kifaa kizuri.

Binamu yangu alinitumia picha nyingine juzi. Sebule pana, balkoni, machweo. Nilimwandikia maswali matatu amuulize muuzaji. Kaskazini ni upande gani, na jua hilo ni la mwezi gani na saa ngapi? Nyuma ya ploti na kando yake kuna nini, ghorofa ngapi, umbali gani? Na aliyepiga picha hiyo alikuwa amesimama wapi, je, mimi naweza kusimama pale?

Akarudi baada ya siku mbili. "Kaka, amesema picha ni ya kuonyesha tu."

Nikamwambia amuulize, ya kuonyesha nini. Mpaka leo hajajibiwa, na amana hajalipa.